Kiti cha Nyuma cha Haidari

Watu wa Kibiti wanamjua Waride kwa mambo mawili, mkono wake kwenye cherehani na wivu wake. Mkono ulimpatia wateja, kuanzia wazazi wa kushonesha sare za shule hadi wafanyabiashara wa mpunga waliotaka maturubai ya kufunikia magunia. Wivu ulimpatia maneno ya watu, na wala hakuuficha. Mumewe Haidari alipooa mke wa pili, mwanamke wa Nyamisati aitwaye Kudra, Waride hakulia wala hakurudi kwao Mohoro. Aliitoa cherehani chumbani akaiweka barazani, upande unaotazama stendi, ili awe anamwona mumewe anaposhuka garini, na aone ameshuka na uso gani.

"Akishuka anacheka, ujue kalishwa vizuri huko," aliwaambia wateja wake huku akikata uzi kwa meno. "Akishuka kanuna, leo nina mume."

Nyamisati ndiko barabara inakokomea, kwenye mikoko, mahali watu wanapopandia boti za kwenda Mafia na vijiji vya delta. Haidari alikuwa fundi wa mashine za boti, kazi yake ilikuwa huko, na ndiko alikomwona Kudra, aliyekuwa na banda la kukaanga samaki karibu na gati. Waride hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa mke mwenziwe. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kichwani. Kwanza aliitia kitanda cha samadari, mwaka uliofuata akaitia kabati la vioo, halafu televisheni kubwa na jiko la gesi. Kila Haidari alipochelewa kurudi, Waride aliiongezea nyumba ile kitu.

Kwa miaka mingi Haidari alimfanyia kazi mzungu mmoja mtafiti wa mikoko, ambaye aliipiga picha delta kutoka angani. Alikuwa na kindege kisicho na chumba wala mlango. Kilikuwa bawa moja kubwa la kitambaa lililovutwa juu ya mabomba ya aluminiamu, na chini yake kigari cha magurudumu matatu chenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na mashine yenye pangaboi nyuma kabisa. Mashine yenyewe ilichanganyiwa oili na petroli kama ya boti, kwa hiyo Haidari aliielewa. Aliitunza, akapandishwa kiti cha nyuma mara nyingi, na siku nyingine wakiwa juu mzungu alimwachia fito la kuongozea ashike kidogo. Kupaa na kutua alifanya mzungu mwenyewe siku zote.

Kisha mzungu akaugua, akarudi kwao, na baada ya muda akapiga simu kusema hatarudi tena. Vile vyuma, alisema, Haidari aviuze, ajipatie chochote. Bawa lilikuwa limeliwa na panya na kuchanwachanwa na upepo.

Haidari hakuviuza. Siku moja alishuka stendi na mzigo mkubwa begani, akautua barazani, akamfungulia Waride kitambaa cheupe kigumu, chenye kuteleza mkononi, kirefu kuliko nyumba yao.

"Mama Hafsa, hebu tazama hiki. Kinashoneka?"

Waride alikipapasa, akakivuta kwa vidole viwili, akakiangalia kwenye jua. "Kinashoneka. Ila uzi wa hapa hautakiweza. Uniletee uzi wa matanga, na sindano nene."

Zikafuata siku nzuri kuliko zote alizozipata tangu Kudra aingie katika maisha yao. Haidari alileta uzi kutoka Dar, akaacha hata zamu za Nyamisati, akawa anakaa barazani tangu asubuhi kumshikia kitambaa kisiburuzike sakafuni. Yeye alivuta, Waride alishona. Walizungumza kama zamani, wakati binti yao Hafsa alikuwa bado mdogo na hajaolewa Mbagala. Wapita njia waliuliza wanashona nini, na Haidari alijibu kuwa ni chandarua cha tembo, Waride akacheka mpaka mguu ukatoka kwenye kanyagio.

"Ukimaliza," Haidari alimwambia, "wa kwanza kukaa nyuma yangu ni wewe. Nitakupitisha mpaka Mohoro, uwapungie mkono ndugu zako mashambani."

Waride alirudi kwenye mshono. Lakini usiku ule alipolala alijiona yuko juu, na chini kabisa, kwenye banda la samaki, kuna mwanamke ameinua kichwa na mwiko mkononi.

Aliyepinga jambo lile waziwazi ni mmoja tu, Ukasha, mdogo wake Haidari, dereva wa gari la abiria la kutoka Kibiti kwenda Nyamisati. Alikuja akasimama barazani, hakukaa.

"Kaka, kitu hiki kina wenyewe," alisema. "Kuna kusomea, kuna leseni, kuna kukaguliwa hicho chombo chenyewe. Mimi kubeba watu barabarani tu nimesomea na nikapimwa hadi macho. Nenda Dar ukaulize utaratibu."

"Boti nimeendesha tangu sina ndevu, bila cheti cha mtu. Nimezama?"

"Boti mashine ikizima, inaelea."

Haidari akaendelea kunyoosha kitambaa. Hapo ndipo Waride alipoingia kati, na maneno yake aliyakumbuka baadaye mara nyingi. "Shemeji, mwache kaka yako. Miaka yote kakaa kwenye hicho kitu, atashindwa leo? Au unaona uchungu kwamba wewe utabaki na gari lako la vumbi?"

Hakuwa anamtetea mumewe. Alikuwa anatetea kiti chake.

Ulibaki mshono mmoja tu, wa ncha ya kushoto ya bawa, siku mteja wa Nyamisati alipokuja kuchukua gauni lake. Mteja huyo, Zena, alilijaribu, akajitazama, halafu akasema kwa nia njema kabisa, "Bi mdogo wako naye ana mambo. Kaniagiza nimtafutie suruali nzito sokoni. Anasema ndiyo ya kupandia ndege, eti yeye ndiye wa kwanza."

Waride alimfungia gauni lake katika gazeti, akamuaga vizuri. Kisha akakaa. Ile ncha ya bawa ilikuwa mapajani mwake. Akachukua wembe wa kufumulia, akaupitisha kwenye mshono wa jana, uzi mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka pakaachia nafasi ya kiganja. Akaitazama ile nafasi. Akamwona Kudra na suruali yake mpya, mikono kiunoni mwa Haidari, kidevu begani kwake, maana viti vile vilikaribiana sana. Alikaa hivyo hadi muadhini wa adhuhuri akamshtua.

Akapashona tena. Alipita mara mbili, akapita na ya tatu, akafunga fundo. Huruma haikuhusika hapo. Hakutaka tu itokee siku mtu aseme kwamba kazi ya Waride iliachia.

Haidari aliporudi jioni alimuuliza moja kwa moja. "Kudra anapanda lini?"

Haidari aliangalia viatu vyake. "Ni kuzunguka uwanja tu, Mama Hafsa. Mara moja, ashuke. Wewe safari yako ni ya mbali."

Waride alikunja kitambaa, akakifunga kamba, akamwekea miguuni.

Nyuma ya mikoko ya Nyamisati kuna uwanda mweupe usioota hata jani, ambao maji ya chumvi huufikia mara chache tu. Wenyeji wanauita jangwa. Wakati wa kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama sakafu, na hapo ndipo Haidari alipokiunga kindege chake. Alianza kwa kukikimbiza chini, huku na huku, kwa siku kadhaa. Halafu akapaa peke yake, akazunguka, akatua kwa kurukaruka kama kuku aliyefukuzwa, lakini akatua. Watu walijaa. Picha zake za video zilifika Kibiti kabla yake mwenyewe, na Waride aliziona kwenye simu za wateja. Wengine waliangalia ndege. Yeye aliangalia kwenye pembe ya picha, ambako Kudra alikuwa amesimama, ameshika kandambili za Haidari kifuani kama mtu aliyepewa amana.

Kila alipopaa salama, watu waliosema hatari wakapungua. Hata Ukasha aliacha kuzungumza. Haidari akaanza kutembea kwa kifua mbele. Akamwambia Waride kwamba huko juu mtu anaona mito yote ya Rufiji ikigawanyika kuingia baharini, anaona mashamba ya mpunga yamekatwa vipande, na viboko kwenye maji kama mawe meusi. Waride alimwitikia, moyoni akihesabu kwamba maneno hayohayo keshamwambia mwenziwe kwanza.

Simu ilikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa anampima mtu suti ya harusi. Aliona jina la Ukasha, akapokea, akasikia kelele za watu wengi na shemeji yake akihema.

"Shemeji, kaka ameanguka. Ndege imeanguka."

Swali la kwanza lililomtoka Waride halikuwa kama yu mzima. Aliuliza, "Alikuwa na nani?"

"Na Kudra," Ukasha akasema. "Kudra anapumua. Shemeji, kaka hatunaye."

Alizikwa siku ileile, alasiri, Kibiti, kwa sababu Ukasha alisema nyumba ya kaka yake ni ile. Waride alivishwa nguo za eda na wanawake wa mtaa, akaketi kwenye mkeka, watu wakaja kumpa pole. Waliomkumbatia walimwona mkavu wa macho wakadhani ni mshtuko. Ndani yake kulikuwa na jambo ambalo angeona haya kulitamka mbele ya mtu. Alikuwa anamwonea wivu Kudra kwa kuanguka na Haidari. Pumzi ya mwisho ya mume wake, aliyeishi naye tangu ujana, ilikuwa mbele ya uso wa mwanamke mwingine. Hilo hata kifo hakikulifuta.

Kudra alikuwa amevunjika paja na mbavu. Alipotolewa hospitalini hakuweza kusimama, na ndugu zake walikuwa ng'ambo huko Mbwera, ambako hufiki bila boti. Ukasha alikuja tena kusimama barazani, safari hii kichwa chini.

"Shemeji, nakuomba jambo ambalo najua ni zito."

"Mlete," Waride akasema kabla hajamaliza.

Hakujua kwa nini amekubali upesi namna ile. Baadaye aliwaza kwamba alitaka awe anamwona. Mtu ukimwonea wivu kwa miaka bila kumwona ana kwa ana anakuwa mkubwa mno. Kudra aliletwa kwenye godoro nyuma ya gari, mguu umefungwa, uso umevimba upande mmoja, akalazwa katika chumba alichokiacha Hafsa alipoolewa. Alikuwa mwanamke mwembamba tu, mwenye kucha zilizoungua kwa mafuta ya kukaangia.

Wajane wawili wakakaa eda nyumba moja. Waride alimpikia uji, akamwogesha, akamgeuza ubavu. Hilo alilifanya kwa mkono uleule aliokuwa akishonea, kwa uangalifu na bila maneno. Kilichomshinda ni wageni. Walikuja kumpa pole yeye, wakakaa naye kidogo kwa adabu, halafu wakateleza mmoja mmoja hadi chumbani kwa Kudra, na huko walikaa mpaka chai ikapoa. Walitaka kusikia. Ilikuwaje huko juu? Ulipiga kelele? Ulimshika? Waride alipeleka vikombe, akayasikia yote akiwa mlangoni, na kila siku aliona wageni wa Kudra wanazidi na wake wanapungua. Mjane aliyeanguka alikuwa na cha kusimulia. Mjane aliyebaki Kibiti akishona suti alikuwa na birika.

Kisha kukaja maneno. Yalianzia gatini, yakapanda gari, yakashuka stendi. Bawa lilichanika kwenye mshono, watu walisema. Na aliyeshona ni nani? Mke mkubwa. Na aliyekuwa amepanda ni nani? Hawakumalizia. Mteja mmoja wa sare alituma mtu kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa.

Waride hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alirudi kwenye siku ile ya wembe. Alikumbuka kufumua. Alikumbuka kupita mara mbili, na ya tatu. Lakini kadiri alivyokumbuka ndivyo ile ya tatu ilivyofifia, halafu ya pili, mpaka akafika mahali pa kujiuliza kama alipashona kweli au alitamani tu kuwa amepashona. Aliamka kuswali na swali hilo, akachemsha uji nalo.

Wachunguzi wa ajali za ndege walikuja kutoka Dar, wakapima jangwa, wakapiga picha mabaki, wakawahoji watu wa gatini. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyevaa baibui na buti za kazi, alifika Kibiti akiuliza aliyeshona bawa. Ukasha alimkaribisha ndani kwa sababu ya eda. Waride alijifunga kanga, akakaa mbele yake akiwa tayari kwa lolote.

"Ulishona peke yako?" yule mama aliuliza.

"Peke yangu. Marehemu alinishikia."

"Mishono yote imebaki. Yote, hata ya ncha ya kushoto ambayo ndiyo iliyogonga mkoko. Kitambaa kimechanika pembeni yake, baada ya kugonga. Nimekuja kukuuliza aina ya uzi tu."

Waride alitaja uzi, akataja tena. Ukasha ndiye aliyeuliza kilichotokea basi.

"Mashine ilipata joto mno, vyuma vikakamatana, ikazima," yule mama alisema. "Walikuwa ndiyo kwanza wamepaa, na wako wawili, mzigo ambao hajawahi kuubeba. Lakini kuzima kwa mashine si lazima kuue mtu. Mashine za namna ile huzima, na kila anayefundishwa kurusha anafundishwa hilo kabla ya mengine. Ikizima kabla hujafika juu, usigeuke kurudi. Shusha pua, nenda mbele, tua popote palipo mbele yako. Mwalimu anakuzimia mashine makusudi, tena na tena, mpaka mkono wako ukubali, kwa sababu moyo unataka kugeuka. Yeye aligeuka. Alitaka kurudi pale pakavu. Kwa mwendo mdogo ule, bawa likigeuzwa linaacha kubeba."

"Na mbele yake kulikuwa na nini?" Waride aliuliza.

"Mkondo wa maji ya magoti na tope."

Waride alimwona Haidari akitoka kwenye tope mpaka kiunoni, anacheka, anatukana, ndege imeharibika. Angekuja nyumbani na nguo za kufua.

"Leseni watu wanaiona karatasi," yule mama akaongeza, akinyanyuka. "Kwa kweli ni yale masaa ya kuzimiwa mashine. Naye hakupata mtu wa kumzimia."

Maneno ya mtaani yakapoa. Waride alidhani na yeye atapoa, lakini haikuwa hivyo. Aliondokewa na hofu, wivu ukabaki na nafasi zaidi. Sasa hata kosa halikuwa lake. Hakuwa na sehemu yoyote katika kifo cha mume wake, si nzuri si mbaya, na Kudra alikuwa nayo yote.

Siku moja mchana, wageni hawakuja kwa sababu ya mvua. Waride alikuwa anamsuka Kudra, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti mguu umenyooshwa juu ya ndoo. Alisuka mistari miwili, akasimamisha chanuo.

"Alisema nini?"

Kudra alielewa. "Hakusema kitu, Bi Mkubwa."

"Wageni unawaambia alitaja jina la Mungu na la kwako."

"Wageni wanataka kitu cha kuondoka nacho." Mvua ikapiga bati. "Hakuniita. Alikuwa anahangaika na lile fito, ananipa mgongo. Mimi niliona fulana yake tu. Nilikuwa namwambia nishushe, nishushe, tangu gurudumu lilipoacha chini. Niliogopa hata kabla haijazima."

"Sasa ulipandia nini?"

"Kwa sababu yako."

Waride akaacha kusuka kabisa.

"Mwezi mzima ule alikuja kwangu kwa nadra," Kudra alisema bila kugeuka. "Akija, anakuja usiku mmoja, na nguo zake zimejaa vijiuzi vyeupe. Nikimuuliza, anasema nashona na Mama Hafsa. Anasema huku anacheka. Mimi na yeye hatukuwahi kufanya kitu pamoja. Alikuja, alikula, alilala, alikwenda gatini. Nikamwambia, usiponipandisha mimi kwanza, usirudi kwangu. Alikataa. Alisema amekuahidi wewe. Nikamnunia mpaka akakubali."

Mvua iliendelea. Waride alisikia kitu kikimpanda kifuani, na ilimchukua muda kukitambua kwamba ni furaha. Haidari alikataa. Haidari alisema amemwahidi yeye. Alisimama na chanuo mkononi nyuma ya mwanamke aliyevunjika, akafurahi, na katikati ya furaha ile akaona jinsi ilivyo mbaya, maana kama asingependwa vile barazani, mwenziwe asingenuna, na Haidari asingebeba mtu nyuma. Machozi yaliyokuwa hayajaja tangu siku ya mazishi yakaja hapo. Kudra alifikiri amemuumiza, akaanza kuomba radhi.

"Nyamaza, mwenzangu," Waride akasema. "Kaa sawa nimalize kichwa."

Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Waride mwenyewe anawaambia wanaouliza kwamba jambo hilo halipo. Lakini Kudra aliacha kuwasimulia wageni habari za majina, na Waride akaacha kusimama mlangoni.

Eda ilipokwisha Kudra alikuwa anatembea kwa gongo, akarudi Nyamisati. Mabaki ya ndege, wachunguzi walipomaliza nayo, yalirudishwa kwa familia, yakawekwa uani kwake. Waride alikwenda kwa gari la Ukasha wagawane vitu vya marehemu. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika. Alisimama mlangoni akatafuta samadari, kabati la vioo, televisheni, jiko la gesi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku moja, na sufuria za banda la samaki zimefunikwa ungo. Miaka yote ile alikuwa akionea wivu nyumba isiyokuwapo. Kwenye ukuta, hata hivyo, kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kofia ya Haidari, ile ya kazini yenye mafuta. Roho ikamchoma upya kama vile hajajifunza kitu.

"Ichukue," Kudra alisema, alipoona anakoangalia.

"Iache. Hapo ndipo alipoitundika."

Walikuwa wanakula pweza na wali, Ukasha amekwenda gatini kutafuta abiria, mtu mmoja alipopiga hodi uani. Alikuwa kijana wa Mafia aitwaye Khalidi, amevaa miwani ya jua, na alikuwa ameyazunguka yale mabaki kabla ya kusalimu.

"Shikamoo mama zangu. Nasikia hiki kitu kipo tu. Mashine inatengenezeka, na mabomba yaliyopinda ni machache. Bawa nitatafuta. Watalii kule kwetu wangelipia kuona papa kutoka juu."

"Umesomea kurusha?" Waride aliuliza.

Khalidi akacheka, cheko la kirafiki. "Siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, mama. Na marehemu mwenyewe alisomea wapi?"

Kudra alivuta gauni lake hadi juu ya goti, akamwonyesha kovu lililoshuka pajani kama njia ya mchanga. Kijana aliliangalia, akaondoa macho.

"Mimi nitakuwa mwangalifu," akasema.

"Hakiuzwi," Waride akajibu.

"Mngefikiri lakini. Chuma kinakula kutu bure."

Alipoondoka aligeuka kwenye kona akayatazama tena mabomba, akageuka mara nyingine. Wanawake wote wawili walimwona. Kudra akasema kwamba yule atarudi, na akirudi atamkuta Ukasha, au atakuja wakati hakuna mtu nyumbani.

"Msumeno wa chuma wa mume wetu uko wapi?" Waride aliuliza.

Ulikuwa chini ya kitanda, kwenye boksi la vifaa. Walitoka uani na jua bado kali. Kudra alikalia kigoda, akaweka ncha ya bomba refu juu ya gogo la kupasulia kuni, akalikandamiza kwa mikono na mguu mzima. Waride alipiga magoti upande wa pili, akafunga kanga vizuri, akaanza kukata. Aluminiamu ililia kwa sauti iliyowatoa majirani milangoni. Kipande cha kwanza kilipoanguka kilikuwa kifupi, cha urefu usiofaa kuungia chochote.

"Fupi zaidi," Kudra alisema, na akalisogeza bomba.